Muungwana Mkekani kwa Mhunzi

Assalama hakubisha hodi. Mwanamke wa kiungwana habishi hodi kwa wahunzi. Wahunzi, wanaume wa chuma na wanawake wa ngozi, ndio wanaowafuata waungwana; wanaanza kupiga kelele tangu mbali, wanasifu, wanaomba, wanapewa, wanakwenda zao. Basi aliingia uani kwa Raishatu kama alivyozoea kuingia popote, shingo juu, shuka yake ya buluu ikiburura vumbi la mji wa Agadez, akasimama akingoja kuonwa.

Raishatu alikuwa amekwisha kumwona, akaendelea kukata. Alikaa chini, miguu kaitandaza, kibao kimelala mapajani, na juu ya kibao ngozi ya mbuzi iliyotiwa maji. Kandoni wakaza-wana wake wawili walikuwa wakishona mito, midomo imejaa karanga.

"Nimekuja," alisema Assalama.

"Kivuli chako kimekutangulia kuniambia. Kimekaa juu ya kazi yangu. Sogea."

Wale wakaza-wana walitazamana. Assalama alisogea, kisha akajichukia kwa kusogea. Mama yake mwanamke huyu alikuwa akija kambini kwa kina Assalama kila msimu, kuziba viriba na kushona matandiko, na siku ya kuondoka alikuwa akipewa shingo ya kondoo na kipande cha kitambaa, akipiga vigelegele kana kwamba kapewa ngamia mzima. Raishatu mwenyewe ndiye aliyeshona mkoba wa harusi ya Assalama. Watu wa namna hiyo walikuwa kama kuni: unazihitaji, huzifikirii.

Lakini ngamia walikufa. Katika mwaka mmoja wa ukame walikufa ngamia thelathini na mmoja, na mbuzi hawakuhesabiwa. Khamidun, mumewe, alikwenda Libya kutafuta kazi. Katika miaka miwili zilifika salamu mara moja na blanketi moja. Assalama alihamia mjini, katika chumba cha udongo nyuma ya soko la ng'ombe, na huko ndiko alikogundua kwamba wazungu wanaokuja kutazama jangwa wananunua mito ya ngozi, mikoba, hata ala za majambia wasiyokuwa nayo, na kwamba Raishatu sasa alikuwa na geti la bati na mbuzi wa maziwa sita.

"Nataka kujua kazi ya ngozi," alisema.

Raishatu aliinua kichwa. "Kujua ngozi? Umeivaa miaka arobaini na hujaijua?"

Mkaza-mwana mmoja alipaliwa na karanga. Mwenzake alimpiga mgongoni, wote wawili wakicheka hadi machozi.

"Sijaja kuchekesha watu, Raishatu."

"Ndivyo mlivyo. Mnachekesha bila kukusudia. Sema unachotaka, na ukiseme vizuri. Sema: Raishatu, nifundishe."

Assalama alitamka hivyo akiangalia ukuta.

"Ukuta haujui kushona," alisema Raishatu. "Mimi ndiye ninayejua. Niangalie mimi."

Akamwangalia, akasema.

Kwa siku tisa hakushika ngozi. Alipewa kisu kimoja butu na jiwe moja, akaambiwa anoe. Alinoa. Raishatu alikipitisha kisu juu ya ukucha wake, akaguna, akakirudisha. Alinoa tena. Mchana alitwanga maganda ya mgunga ya kulowekea ngozi, na harufu yake ikamwingia nguoni, kwenye nywele, hata kwenye uji wa mtama na tende aliokuwa akinywa jioni chumbani kwake. Aliinuka hapo kila siku akiwa na hakika kwamba kesho hatarudi, na kesho yake akarudi.

Alichokuwa akikichukia zaidi ya harufu ni maneno. Wahunzi walizungumza huku wanatafuna. Walijadili maungo ya waume zao kama mtu anavyojadili bei ya chumvi. Kila asubuhi Raishatu alimuuliza, bila aibu hata chembe, "Hiyo shuka utanipa lini?" Na baada ya shuka, hereni; na baada ya hereni, kikuku. Muungwana hufundishwa kuona haya kabla ya kufundishwa kutembea: haombi, hali chakula mbele ya wakwe, hataji njaa yake hata kama matumbo yanapiga kelele. Hawa hawakuwa na haya, na kilichomuudhi Assalama ni kwamba hawakuonekana kuihitaji.

Siku ya kumi Raishatu alimtupia kipande cha ngozi cha mviringo, kipana kama kiganja.

"Kata ukanda. Anzia ukingoni, zunguka, zunguka, mpaka ufike katikati. Ukanda mmoja tu, usikatike. Usipojua kukata ukanda hujui kitu."

Mwenyewe alichukua kipande kama hicho, akaanza huku anamsimulia mkaza-mwana habari za jirani aliyemfumania mumewe. Hakuangalia mkono wake hata mara moja. Ukanda ulitiririka pajani mwake mwembamba kama tambi, ukajikunja chini, na habari ilipokwisha na ngozi ilikuwa imekwisha.

Ukanda wa Assalama ulikatika kwenye mzunguko wa pili. Alianza upya, ukakatika. Wa tatu haukukatika, lakini ulikuwa mnene hapa, mwembamba pale, na mahali pengine umeota meno kama msumeno. Raishatu aliuning'iniza juu kwa vidole viwili.

"Njooni muone! Ukanda wa kiungwana. Una matege."

"Sio ukanda huo, mama," alisema mkaza-mwana mdogo. "Mnyoo huo."

"Mnyoo una umbo. Mungu aliumba mnyoo kwa uangalifu." Raishatu aliutupa kwa mbuzi. Mbuzi aliunusa akaenda zake, na uani hapakukalika kwa kicheko.

Assalama alikinyonya kidole gumba kilichovuja damu, akiwaza kwamba babu yake angewatimua watu hawa kwa fimbo. Kisha akawaza kwamba babu yake hakujua kukata ukanda pia.

"Mkono wako mmoja una kazi na mwingine umelala," alisema Raishatu baada ya kuchoka kucheka. "Unakisukuma kisu kama mtu anayeswaga punda. Kisu hakitembei. Kisu kinakaa hapo hapo kwenye kibao, ngozi ndiyo inayokwenda kukifuata. Na hiyo ngozi umeilowesha kama unamwosha mtoto. Ikiwa na maji mengi inavutika, ikiwa kavu inapasuka. Iguse shavuni. Ikiwa baridi kidogo kama pua ya mbwa, kata."

Aliyasema kwa sauti ya mtu anayesema na kiziwi. Lakini Assalama aliiweka ngozi shavuni, akangoja mpaka ikawa na ubaridi wa pua ya mbwa, akakaza kisu, akaizungusha ngozi kwa mkono wa kushoto, na ukanda ukaenda mizunguko minne kabla ya kukatika. Hakuna aliyemsifu. Yeye mwenyewe aliuangalia ule ukanda wa mizunguko minne muda mrefu kuliko alivyopenda waone.

Miezi ya baridi ilipita, ukaja msimu wa upepo. Alijifunza kutoboa kwa msharasi bila kujitoboa. Alijifunza kukata matamvua, nyuzi mia moja zinazoning'inia kutoka kipande kimoja. Alijifunza kazi iliyo ngumu kuliko zote: kuchukua ngozi ya kijani kibichi, kuchora juu yake kwa ncha ya kisu, kisha kuibambua ile rangi ya juu peke yake, nyembamba kama ganda la kitunguu, mpaka weupe wa chini ujitokeze kuwa mistari na nyota. Mkono ukilemea kidogo, umetoboa. Mara nyingi ulilemea.

"Mmh," Raishatu alikuwa akisema. Hiyo "mmh" Assalama aliijua kwa namna kumi na mbili, na zote zilikuwa za dharau.

Nyumbani alikuwa na zeze lake, zeze la mwanamke wa kiungwana, la uzi mmoja, ambalo mhunzi haruhusiwi hata kuligusa. Aliacha kulipiga. Ncha za vidole zilikuwa zimeota sugu na hazikuusikia tena uzi.

Siku moja mchana alisikia nje ya geti sauti anayoijua. Ilikuwa ya Ghaisha, dada yake Khamidun, wifi yake, ambaye ngamia wake hawakufa wote kwa sababu aliwapeleka kusini mapema, na hakuacha kulitaja hilo popote. Assalama hakuwa na pa kukimbilia. Alivuta shuka mpaka machoni, akageuza mgongo, akainama juu ya kibao.

Ghaisha aliingia na vijakazi wake wawili na kapu la tende. Hakusalimia.

"We mhunzi! Mwanangu anaoa msimu wa mvua. Nataka mkoba wa ngamia wa bibi harusi, mkubwa, wa kijani, wenye matamvua mpaka chini. Usiniletee takataka mnazowauzia wazungu."

Hapo Raishatu alibadilika. Aliruka juu, akapiga vigelegele, akatandaza mikono. "Ee mwezi wa milima ya Ayir! Ee ngamia mweupe miongoni mwa weusi! Umekuja kwangu, mimi mavi ya mbuzi? Leo sitakufa, hata kifo kikija nitakiambia kirudi, nimemwona Ghaisha! Nipe kilemba hicho, bibi yangu, nikinuse nipone."

Ghaisha alicheka kidogo kwa kuridhika, akamtupia ncha ya kilemba chake. Alipokuwa anageuka kutoka, mguu wa Assalama ulikuwa njiani. Aliusukuma kwa kandambili yake kama mtu anavyosukuma kuku, asimtazame, akapita.

Assalama alihisi masikio yanawaka, lakini si kwa sababu ya mguu. *Mwezi wa milima ya Ayir. Ngamia mweupe miongoni mwa weusi.* Maneno hayo yalikuwa yake. Raishatu alimwimbia yeye siku ya harusi yake, mbele ya mahema mia, na kwa miaka ishirini alikuwa akiyarudia moyoni siku za huzuni, akiamini yalitungwa kwa ajili yake.

Geti lilipofungwa uani palilipuka. Mkaza-mwana mdogo alijaza mashavu pumzi, akatembea mwendo wa Ghaisha, akasukuma mguu wa kila mtu kwa kandambili. "Nundu amekuja! Nundu anaoza!"

"Mnamwita Nundu?" aliuliza Assalama.

"Tangu ujana wake," alisema Raishatu akijifuta machozi ya kucheka. "Imekaa juu, imejaa mafuta, haifanyi kazi."

"Na mimi?"

Kicheko kilikatika. Wakaza-wana walishika kazi zao ghafla kama waliokumbuka kitu. Raishatu alitamka neno moja katika lugha yao ya siri, lugha ambayo wahunzi huzungumza mbele ya waungwana ili wasieleweke. Assalama alilijua neno hilo. Alikuwa amelisikia tangu usichana wake kila wahunzi walipofika kambini, na siku zote alidhani maana yake ni "karibu."

"Ndio nini?"

"Kiriba," alisema Raishatu. "Kinajazwa, kinalazwa, kinangoja kubebwa."

Alisema bila chuki, na hilo ndilo lililokuwa baya. Alisema kama mtu anayetaja jina la mti.

Assalama aliinuka, akakung'uta vipande vya ngozi mapajani, akatoka. Siku tatu hakurudi. Alikaa chumbani akawakumbuka mmoja mmoja, wale wote waliomsifu na kuinama na kumwomba shuka, na nyuma ya kila uso aliona sasa ule mwendo wa mkaza-mwana na mashavu yake. Alikuwa amewadharau maisha yake yote, naye alidhani dharau ni yake peke yake, kama kikuku cha fedha, kitu ambacho watu wa chini hawana uwezo wa kuwa nacho. Kumbe walikuwa nayo kuliko yeye, na walijua kuitumia. Yake ilikuwa uvivu tu. Yao ilikuwa kazi ya mkono.

Siku ya nne alirudi. Hakurudi kwa unyenyekevu. Alirudi kwa sababu aliapa kumkamua mwanamke yule kila anachokijua mpaka abaki mkavu.

"Nipe kisu," alisema.

Raishatu alimpa, na safari hii hakumpa kile alichonoa siku tisa. Alimpa cha mama yake, chenye mpini uliolika umbo la gumba.

"Hiyo shuka utanipa lini?" aliuliza.

"Siku utakayosema kazi yangu ni nzuri."

"Basi utazikwa nayo."

Mkaza-mwana mkubwa alijifungua, mdogo akaenda kumhudumia, na mkoba wa Ghaisha ukawa haujafika hata nusu. Raishatu alilaani uzazi, akalaani ndoa, kisha akamtupia Assalama upande mmoja wa ngozi ya kijani.

"Huu ni upande unaolala kwenye ubavu wa ngamia. Hauonekani. Ukiharibu, ngamia hatasema."

Assalama aliufanya kwa siku kumi na saba. Aliubambua mstari kwa mstari, akizuia pumzi kwenye kila kona. Alitoboa mahali pamoja, akapaziba kwa nyota ambayo haikuwa kwenye mchoro. Hakumwonyesha Raishatu mpaka ulipokwisha, na Raishatu alipouona alisema "mmh" ya namna ya kumi na tatu, ambayo Assalama hakuijua.

Ghaisha alikuja mawingu ya kwanza yalipoonekana, na kijakazi na kapu jingine la tende. Aliugeuza mkoba huku na huku, akapitisha kiganja upande wa juu, akapitisha upande wa chini, akavuta matamvua. Hakuona tofauti.

"Hii ndiyo kazi ya zamani," alisema. "Pande zote mbili. Nilidhani mmeisahau."

"Upande huo unaoushika si wangu, bibi yangu," alisema Raishatu kwa sauti tamu. "Wa wifi yako."

Ghaisha aligeuka. Safari hii Assalama hakujifunika. Alikaa chini na kibao mapajani, mikono ina rangi ya kijani mpaka viwikoni.

"Assalama?"

"Karibu, wifi."

"Unafanya nini hapo chini?"

"Unachokiona."

"Kaka yangu hajafa," alisema Ghaisha polepole, "na mkewe anakaa na wahunzi kwenye mavi ya mbuzi? Unataka wajukuu zangu waambiwe nyanya yao alishona ngozi? Heri ungekufa njaa, tungekulilia vizuri."

"Mngenililia," alisema Assalama. "Kulisha ndiko kulikowashinda."

Ghaisha alimpa mgongo. Alimsemesha Raishatu, kama vile wifi yake amekwisha ondoka. "Fumua huo upande. Uushone wewe mwenyewe. Siwezi kuupandisha mkoba huo kwenye ngamia wa harusi."

Assalama aliangalia mikono yake. Alijua Raishatu atafumua. Huyu ndiye mteja, na wahunzi wanaishi kwa wateja. Sasa hivi zingeanza sifa za mwezi na ngamia mweupe.

Raishatu aliuchukua mkoba mikononi mwa Ghaisha, akaukunja, akaukalia.

"Mkoba hautaki kwenda," alisema.

"Unasemaje we?"

"Nasema mkoba umekukataa. Chukua kapu lako la tende. Sokoni kwa Wahausa kuna mabegi ya nailoni, mekundu, mazuri, yana zipu. Hayajashonwa na wifi yako. Yameshonwa na mashine, na mashine haina ukoo."

"Mhunzi, unajua unasema na nani?"

"Tangu ujana wako," alisema Raishatu, akamtazama usoni bila kupepesa.

Hakuna muungwana anayependa kutazamwa hivyo na mhunzi. Wanasema jicho lao likikasirika maziwa hukauka na mimba hutoka, na mwanamke mwenye harusi mbele yake hawezi kucheza na jambo kama hilo. Ghaisha alivuta kilemba mdomoni. Kijakazi aliinua kapu. Wakatoka, na safari hii yeye ndiye aliyeangalia anapokanyaga.

Assalama alisikia kitu kinampanda kifuani, akakijua kuwa ni kicheko. Alikiachia. Alicheka mdomo wazi, kwa sauti, kama wao, mpaka akashika mbavu.

Raishatu hakucheka. Alikuwa ameutoa mkoba chini yake na kuugeuza upande wa ubavuni.

"Wifi yako ni mpumbavu," alisema, "lakini kufumua lazima tufumue. Tazama pembe hii. Umeivuta. Na hii nyota ni ya nini? Nani alikuambia utie nyota?"

"Ulisema ngamia hatasema."

"Ngamia hatasema. Mimi ninasema. Unafikiri nimemfukuza yule kwa ajili yako? Nimemfukuza kwa sababu amepapasa pande mbili na hakuona kwamba moja ni ya mwanafunzi. Mtu kama huyo hastahili kubeba hata gunia. Lete msharasi."

Siku ya harusi ngoma zilisikika kutoka kambini, na wanawake wa ukoo walipita njiani wakielekea huko kwa mavazi yao, na wawili kati yao walimwona Assalama getini wakageuza nyuso. Habari zilikuwa zimekwisha enea kwamba mke wa Khamidun amekuwa mhunzi. Assalama aliwatazama wakipita. Mmoja wao alikuwa na ala ya kisu iliyoshonwa vibaya, uzi umekatiza ovyo kwenye mdomo wa ala, na Assalama alishangaa jinsi mwanamke wa ukoo mkubwa namna ile anavyoweza kutembea mbele za watu na kitu kama hicho kiunoni.

Alirudi mkekani. Pembe ilikuwa imefumuliwa mara tatu. Aliiweka ngozi shavuni, akaona bado ina maji, akangoja.

"Usilale," alisema Raishatu.

"Silali. Nangoja ikauke kidogo. Wewe mwenyewe ukiharakisha hivyo unaivuta ngozi, jana nimeona."

Raishatu alisimamisha kisu. Alimgeukia taratibu, kinywa kikiwa wazi kwa tusi, akaitazama kazi yake mwenyewe, kisha akakifunga kinywa na kuendelea kukata, polepole zaidi.